Kitanda Kilichongoja Jirani

Arizona, Marekani
Oktoba 2014

Mama Nestori, mke wangu,

Mwakeye. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu wako wa kushoto ukiwa juu ya kigoda kama mganga wa zahanati alivyoagiza, wala hujainama shambani. Lakini nakujua. Mvua za kwanza zikishanyesha Kumsenga, wewe huwezi kukaa ndani. Je, maharage yamekwisha kupandwa? Mama yako kule Mabamba anaendeleaje na macho yake? Na yule mbuzi mweupe mwenye jipu, alipona au mlimchinja? Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa.

Barua hii inaletwa na Bwana Zabroni, muumini mwenzetu, anayekuja Kasulu kumtazama mama yake. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe, asiiache dukani wala asimpe mtoto. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Nestori, na kijana wetu hupenda kuifungua sauti ili nyumba nzima ikusikie. Jambo hili sipendi alisikie kabla sijalimaliza.

Mara ya mwisho uliniuliza mbele yao wote: "Mwalimu, nije nisije? Unijibu kama mume, usinijibu kama mkaguzi wa shule." Nestori alicheka, mkewe Joselina akacheka, nami nikasema tutazungumza. Sasa nazungumza. Nivumilie, nitaanza mbali kidogo, kwa kuwa jibu lisilo na maelezo huonekana kama ukali.

Unakumbuka kwamba nilipofika nilikaa nao mjini, katika ghorofa la zamani lenye vyumba viwili. Lilikuwa chakavu, lakini basi lilipita mbele ya mlango na kanisa la Warundi na Wakongo lilikuwa mtaa wa pili. Chini yetu aliishi mama mmoja wa Kikongo, Mama Furaha. Kila asubuhi aligonga mlango. "Papa Mwalimu, mumelala muzuri? Shuka kula sombe!" Kiswahili chake ningekirudisha darasa la tatu, lakini sombe yake, yaani kisamvu, haikuwa na kosa. Nilikuwa na mtu wa kumsalimu na mtu wa kubishana naye, na siku ilikwisha.

Karatasi zako zilipopita, Nestori alikwenda kwa wenye ghorofa kuwaeleza kwamba mama yake anakuja. Wakamwambia vyumba viwili vimekwisha kujaa watu, sheria hairuhusu kuongeza hata mmoja. Huku idadi ya watu katika nyumba haiamuliwi na mwenye watoto. Ikabidi tuhame. Nyumba kubwa za karibu zilikuwa na kodi ya kutisha, kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya wote wenye kipato kidogo katika jiji hili: akasogea nje, na nje tena, mpaka akafika jangwani.

Nikueleze mahali penyewe. Ni kitongoji, lakini usifikirie kitongoji kama chetu. Ni kikubwa kuliko Kibondo na Kasulu zikiunganishwa, na nyumba zake zote zina rangi moja, rangi ya kichuguu kikavu. Uani hakuna nyasi, kuna kokoto zilizomwagwa na kusawazishwa kwa reki, na hapa na pale mpungate mrefu kama nguzo ya simu. Juma la kwanza nilitoka kutembea nikashindwa kuitambua nyumba yetu. Niliipata kwa sababu mjukuu wetu mdogo, Debora, alikuwa ameacha viatu vyake mlangoni. Tangu siku ile nimeagiza vikae palepale.

Basi halifiki. Dukani ni kwa gari, kanisani ni kwa gari, kupeleka mtoto shule ni kwa gari. Kwa hiyo wamelazimika kuwa na magari mawili, na yote mawili yana bima, mafuta na ugonjwa. Nyumba ina kiyoyozi kinachonguruma mchana na usiku. Kikizimwa wakati wa joto lao la mwezi wa saba, mtoto huanza kulegea kama mche uliong'olewa. Maji ya kunawa tunalipia, na ya kunywa tunanunua kwa madumu kwa sababu ya bomba yana ladha ya chuma. Kwetu tunamwita maskini yule asiye na kitu. Mwanao ana nyumba kubwa, magari na friji ya kusimama, na kila kimoja kati ya hivyo kinamdai mwezi ukiisha.

Zamani Nestori alikuwa na kazi moja, ya kupakia mizigo katika ghala. Tulipohamia huku aliongeza ya pili: kabla ya alfajiri husafisha sakafu za ofisi, kisha huenda ghalani. Joselina huwahudumia wazee wasio na watoto wa karibu. Huwaogesha, huwalisha, huwasikiliza. Mimi hubaki na Debora. Kaka yake Amosi akienda shule, katika nyumba hii tunabaki watu wawili, na mmoja ana miaka mitatu.

Mkwe wetu ni mtu mwema, usimfikirie vinginevyo. Amekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nduta enzi kambi imejaa watu, kabla haijafungwa ikarudi kuwa pori, na mtu aliyekua kwa mgawo hajui kutupa chakula. Huniita Databukwe, baba mkwe, kwa Kirundi chao, na hanipiti bila kuinama.

Sasa nakuja kwenye kitanda.

Nestori alinunua kitanda kwa ajili yetu, mimi na wewe. Ni cha mbao nzito, kipana kiasi kwamba ungeweza kumwazima jirani yetu Bukuru kikalaza nyumba yake yote. Siku ya kuhama, watu wa kanisa walikuja kupakia. Mama Furaha alibeba meza kichwani akiimba, na watu wa ghorofani wakatoka kutazama. Lakini huko tunakokwenda ni mbali, na kila mtu alikuwa na zamu yake ya kazi. Walitupakilia, wakatuombea, wakabaki. Tulifika jangwani sisi na dereva wa lori wa kukodi, ambaye alishusha vitu haraka na kuondoka.

Vitu vyote tuliviingiza. Nestori aliposhika kitanda nilimwambia, "Kiache."

"Kiache wapi, Baba?"

"Hapo nje. Mwenye nyumba haingizi kitanda chake mwenyewe."

Wewe huhitaji kuelezwa. Desturi hii ya nyumba ya baba yangu ulikuwa unaicheka, mpaka siku tuliyohamia Kumsenga nilipostaafu. Tulikuwa tumekwisha kukosana na Bukuru hata kabla ya kulala usiku mmoja pale, kwa sababu mbuzi wake walikuwa wamemaliza miche yetu ya muhogo, nami nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Kitanda kikawa nje, wewe umekikalia umenuna, wingu jeusi linashuka kutoka upande wa Burundi. Nawe ukaniambia, "Leo baba yako atatulaza kwenye matope." Ndipo Bukuru akaja, jembe begani, hana hata salamu. Akasema, "Mwalimu, ugomvi wetu uko palepale. Lakini kitanda hakijanikosea." Akashika upande wa kichwani, akamwita mkewe akashika wa miguuni, na matone ya kwanza yakaangukia migongo yao. Tangu jioni ile hatujawahi kukaa na Bukuru siku mbili bila kusemezana. Baba aliyajua hayo. Kitanda kikiwa nje, hata adui hawezi kupita akakiacha.

Nestori alinisikiliza, akajipangusa jasho. "Baba, huku hakuna mtu wa kukuingizia kitanda. Watu hawajuani."

"Watajuana vipi kama kila mtu anaingiza chake?"

"Baba, nina zamu saa kumi."

"Nenda kwenye zamu. Mimi nimestaafu, naweza kungoja."

Joselina alicheka kwa kuziba mdomo. "Yampayinka! Databukwe atalala wapi?"

"Nitalala chini. Nililala chini chuoni."

Mambo yakawa hivyo. Godoro tuliliingiza, maana baba hakutaja godoro, nikalilaza sakafuni. Kitanda chenyewe kikabaki kwenye njia ya gari, mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mwenye macho angekiona. Nilipika sufuria kubwa ya maharage na nikaweka chai kwenye chupa, kwa sababu atakayeingiza kitanda halipwi, ila haondoki na njaa. Nikavaa koti langu, nikaketi kwenye kiti karibu na mlango.

Magari yalipita. Watu wa huku hawatembei. Unamwona mtu kupitia kioo tu. Akifika kwake hubonyeza kitufe, mlango wa banda la gari unainuka wenyewe, gari linaingia, mlango unashuka. Hujaona hata mguu wake. Jirani wa mkabala alinipungia mkono kila siku, na kila siku mlango wake ulishuka baada ya mkono huo. Nilimsalimu kwa kusimama. Sidhani kama aliniona nimesimama.

Siku moja alasiri upeo wote wa kusini uligeuka kahawia. Ulikuwa ukuta wa vumbi, mrefu kuliko mlima, unatembea kuja kwetu bila sauti. Sitakuficha: nilifurahi. Nilijisemea, hili ndilo wingu la kwao, sasa watatoka. Watu walitoka kweli. Walitoka kuchukua mito ya viti vyao na baiskeli za watoto wao, kisha milango ikashuka mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine. Nikamchukua Debora nikaingia. Vumbi lilipokwisha kupita, kitanda kilikuwa na rangi ile ile ya nyumba.

Baadaye halmashauri ya mtaa, ambayo kazi yake ni kukagua rangi za milango na urefu wa magugu, ilibandika karatasi mlangoni kutuonya kwamba fanicha haziruhusiwi kukaa mbele ya nyumba, na kwamba kuna faini. Nestori aliisoma akiwa bado amevaa fulana ya ghalani. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Baba, Jumapili nitakiingiza," akaenda kulala.

Jumamosi yake, asubuhi, lilikuja gari bovu la wazi nyuma, limejaa viti vilivyovunjika, majiko na mikokoteni ya watoto. Likasimama mbele yetu. Akashuka mtu wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya majani, akanitolea heshima kwa kugusa kofia. Akakizunguka kitanda, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akainama, akashika upande wa kichwani.

Mama Nestori, nilisimama kwa kasi ambayo magoti yangu yaliisahau zamani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikashika upande wa miguuni, tukanyanyua pamoja, nami nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Naye akaanza kurudi nyuma kuelekea garini.

Kitanda kikasimama hewani kati yetu. Mimi navuta, yeye anavuta. Alinitazama kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe akakuta kichwa kimeshikwa na mwenye ng'ombe. Tukakishusha.

Huku, mke wangu, mtu akiweka kitu mbele ya nyumba yake karibu na barabara, maana yake amekitupa. Anayekitaka hukichukua bila kuuliza. Siku zote zile nilizokaa na koti langu mlangoni, mtaa mzima uliamini kwamba nakilinda kitu nilichokitupa.

Mtu yule anaitwa Ramoni. Ni mhamiaji kutoka Meksiko, na kazi yake ni kuzunguka kuokota vilivyotupwa, kuvitengeneza na kuviuza. Kiingereza chake na changu vilikuwa vimelingana kwa ubovu, kwa hiyo tulielewana.

"Hukitupi?" akaniuliza.

"Hapana. Nangoja jirani akiingize."

"Kwa nini jirani?"

Nikamweleza. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi. Kisha akageuka, akatazama nyumba za kulia, za kushoto na za mkabala, zote zimefungwa. Akauliza bila dharau yoyote, "Jirani yupi?"

Nikatafuta jina la kumtajia. Sikuwa nalo hata moja.

"Mimi si jirani," akasema. "Nakaa mbali, upande wa pili wa jiji." Akavaa kofia, akatema mate viganjani, akashika tena upande wa kichwani. "Lakini leo niko hapa."

Akakiingiza. Tulikipitisha kwa ubavu, akanionya nisiumize vidole, tukakiweka chumbani. Alikula maharage sahani mbili na kusema kwao pia ndicho chakula. Debora alimkalia miguuni. Alipokitazama tena kitanda, aliniuliza upande wa pili ni wa nani, nikamwambia ni wa mke wangu ambaye atakuja. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema kwamba yeye naye alimngoja wake. Wakati wa kuondoka aliniambia kwamba ana kitanda kizuri cha mtu mmoja, na kwamba endapo siku moja nitaona hiki kimekuwa kipana mno, tunaweza kubadilishana. Nikitaka, nikiweke nje, naye atajua.

Joselina aliporudi, Amosi alimsimulia kila kitu kabla hajavua viatu.

"Databukwe! Umemwingiza mwizi chumbani?"

"Mwizi hutoa vitu," nikamjibu. "Huyu ameingiza."

Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu tulipohama.

Tangu hapo nalala kitandani. Nalala upande wangu, upande wa ukuta, kama nyumbani. Wa kwako mtandiko umenyooka. Ramoni hupita mtaa huu Jumamosi. Akifika mbele ya nyumba hupunguza mwendo, hunipungia, kisha huinua kidevu kama anayeuliza, nami hutikisa kichwa, naye huendelea. Tumefanya hivyo miezi hii yote. Ndiye mtu pekee wa huku, nje ya nyumba yetu, anayeniuliza swali na kungoja jibu.

Sasa jambo lenyewe.

Majuzi nilitoka asubuhi kuchukua viatu vya Debora nikakuta gari la Nestori limesimama uani, yeye yumo ndani. Alikuwa ametoka kwenye usafi kuja kubadili nguo kabla ya ghala. Mkanda ulikuwa bado umemfunga, mikono iko kwenye usukani, amefumba macho. Nilifikiri lile ambalo mzazi yeyote angelifikiri. Nikagonga kioo. Hakushtuka. Alifumbua macho pole pole, akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu.

"Baba, nimefika saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, nimemkuta hapo.

Akatazama usukani. "Mimi pia sijui," akasema. "Barabara kubwa sikumbuki kama nimeipita."

Kisha akashuka, akanawa uso, akaenda ghalani. Barabara ile ina magari yanayokwenda kwa kasi ambayo wewe hujawahi kuiona. Nilikaa kwenye kiti changu cha mlangoni. Nilitarajia kulia, au kuomba. Sikuhisi kitu. Debora alinipa kokoto moja moja, nami nikazipokea moja moja, mpaka mapaja yangu yakajaa.

Jioni nilimwambia aache kazi moja. Akaniambia, "Baba, nikiacha moja, nyumba hii hatuiwezi. Na nyumba hii ni ya Mama." Akatabasamu. "Mama akishakuja nitapumzika." Nilimtazama usoni nikaona anaamini. Lakini mimi nimefundisha hesabu pia, si lugha peke yake. Ukija, hatapumzika. Ukija, nyumba hii itakuwa haikimbiliki, na kazi mbili zitakuwa ndiyo maisha yake, pamoja na barabara ile kila alfajiri.

Mwenye nyumba anataka kujua kabla ya mwezi kwisha kama tunaendelea naye mwaka mwingine. Nikimwambia Nestori kwamba huji, wanaweza kurudi mjini kwenye vyumba viwili, karibu na basi, karibu na kanisa, na kazi iwe moja. Mama Furaha anasema pale pale chini yake kumepatikana nafasi.

Kwa hiyo jibu langu, Mama Nestori, ni kwamba usije.

Nalisema kama mume. Najua kwamba karatasi zako zitapitwa na wakati, na kwamba zikipitwa huenda hazitapatikana tena. Najua kwamba umekwisha kuwaaga wanakwaya. Usinijibu kwamba uje wewe nirudi mimi. Mguu wako hauwezi kumkimbilia Debora, na mama yako pale Mabamba hana mwingine wa kumshika mkono kwenda kisimani. Mimi nitabaki mpaka Debora aanze shule, kwa sababu nikiondoka mapema, kumlipa mtu wa kumtunza kutakula mshahara wote wa Joselina. Akishaanza, nitarudi. Kwa afya yangu usihofu, itanifikisha hapo.

Nestori nitamweleza mimi. Atakasirika. Akikupigia simu, usimwambie kwamba ulitaka kuja. Mwambie umezeeka, unaogopa ndege. Najua huogopi kitu. Mwambie hivyo hivyo.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie mkwewe anamwombea macho. Msalimie dada yangu mkubwa kule Kasulu, Bwana Zabroni atapita kwake kwanza. Wasalimie wanakwaya wenzako, uwaeleze lile la ndege. Na Bukuru, jirani yetu, msimulie habari yote ya Ramoni, hasa pale tulipovutana. Usiikatishe, mpe yote. Kisha mwambie kile kitanda alichotuingizia, nimeomba kisiguswe. Kibaki palepale, upande wangu ukutani. Mtandiko unyooshe kama ninavyoupenda, bila kukunja pembe.

Mimi wako,
Mwalimu Filemoni, Baba Nestori

Nimesahau neno moja. Jumamosi ijayo Ramoni atapita. Nimemwomba Nestori anisaidie kubeba kitu kizito asubuhi hiyo kabla hajalala, sijamwambia ni kitu gani. Baba yangu alitukataza kuingiza kitanda chetu wenyewe. Kukitoa, sikumbuki kama alisema lolote.